Kufuli Imara, Mlango Dhaifu: Namna ya Kuchagua Kifungio Sahihi cha Banda la Gari na Pikipiki

SOMO LA TOLEO HILI: USALAMA WA MAKAZI NA MALI

Katika nyumba nyingi za kata zetu, banda la gari si la gari peke yake. Humo hulala pikipiki ya biashara, baiskeli ya mwanafunzi, pampu ya kumwagilia bustani, cherehani, vifaa vya fundi na magunia ya mahindi yanayosubiri bei nzuri. Kwa kaya nyingi, thamani ya vilivyomo bandani huzidi thamani ya vyote vilivyomo sebuleni. Hata hivyo, mlango wa sebule hupewa kitasa kizuri na geti la nondo, ilhali mlango wa banda hufungwa kwa kufuli lolote lililopatikana kwa bei nafuu siku banda lilipokamilika.

Somo hili linakusudia kumwezesha mkazi kuchagua kifungio kinachoufaa mlango wake, kukifunga ipasavyo na kukitunza. Msingi wake ni mmoja: kufuli ni sehemu tu ya ulinzi. Mlango, fremu, bawaba, bamba na pete ambamo kufuli hupitishwa, kufuli lenyewe, pamoja na mtu ashikaye ufunguo, vyote hufanya kazi moja. Mwizi hashindani na palipo imara, hutafuta palipolegea.

Mfano unaofundisha

Tuchukue mfano wa kikundi cha vijana waliopata mkopo wa halmashauri na kununua pikipiki ya kubeba abiria. Usiku pikipiki huegeshwa katika banda la mmoja wao. Kwa kuwa wanajua thamani ya chombo hicho, wanachanga na kununua kufuli zito, la bei kubwa kuliko yote yaliyokuwa dukani. Fundi analifunga kwenye bamba jembamba lililoshikiliwa na skrubu nne fupi katika mlango wa mbao laini. Usiku mmoja mtaimbo unapenyezwa nyuma ya bamba. Skrubu zinang'oka zote kwa pamoja. Asubuhi kufuli linaokotwa chini, likiwa bado limefungwa, bila hata mkwaruzo. Kufuli halikushindwa. Zilizoshindwa ni skrubu nne ambazo bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya kufuli.

Hasara ya namna hiyo haiishii kwenye pikipiki. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha inayorejeshwa na kikundi kimoja ndiyo inayokopeshwa kwa kikundi kingine. Deni halifi kwa sababu chombo kimeibwa. Kikundi hubaki kikidaiwa bila kuwa na kitu cha kuzalisha marejesho, na kikundi kilichokuwa kikisubiri zamu yake nacho huchelewa. Aidha, waendesha pikipiki wengi hukata bima ndogo, ambayo hulipa madhara wanayopata watu wengine katika ajali. Bima hiyo haimlipi mwenye pikipiki pindi chombo chake kinapoibwa. Kwa mtu wa namna hiyo, mlango wa banda ndio bima pekee aliyonayo.

Hatua ya kwanza: kuutambua mlango

Kabla ya kwenda dukani, mkazi anapaswa kusimama mbele ya mlango wake na kuutazama kwa jicho la mtu asiye na ufunguo. Mabanda ya nyumbani kwa kawaida huwa na mojawapo ya milango ya aina nne.

Aina ya kwanza ni mlango wa mbao wa mabawa mawili. Katika mlango huu bawa moja hukazwa kwanza kwa makomeo ya juu na chini, kisha bawa la pili hufungwa juu ya lile la kwanza. Wengi huweka kufuli kubwa katikati na kusahau makomeo. Ikiwa komeo la chini linaingia kwenye udongo badala ya tundu lililochimbwa katika sakafu ya zege, mabawa yote mawili husukumwa kwa pamoja na kufunguka huku kufuli likiwa bado limefungwa. Kwa mlango huu, fedha ya kwanza itumike kwenye makomeo mawili imara ya bawa tulivu, na kufuli lifuate.

Aina ya pili ni geti la chuma lililoezekwa bati. Uimara wake hutegemea unene wa bati na mikono ya fundi wa kuchomelea. Geti hili linafaa sana kwa kufuli kwa sababu bamba na pete vinaweza kuchomelewa moja kwa moja kwenye fremu ya chuma bila skrubu yoyote. Mafundi wengi hutoboa tundu la kupitisha mkono ili kufuli lifungwe kwa ndani. Utaratibu huo ni mzuri, lakini tundu likiwa kubwa, mkono wa mwenye nyumba hauwi pekee unaoweza kupita. Tundu litoshe kiganja na ufunguo tu, na pembeni yake kichomelewe kiboksi cha chuma kinachokinga kufuli lisifikiwe na msumeno wala mkasi wa kukatia nondo.

Aina ya tatu ni shata, yaani mlango wa vipande vyembamba vya chuma unaoviringika kwenda juu. Udhaifu wake uko kwenye pembe mbili za chini, ambako unaweza kubinuliwa na kunyanyuliwa. Kufuli moja lililowekwa katikati huziacha pembe zote mbili zikiwa huru. Shata ya upana wa gari ifungwe pande zote mbili za chini, kwa makomeo yanayoingia kwenye reli za pembeni au kwa pete zilizozamishwa katika sakafu ya zege.

Aina ya nne ni mlango wa kunyanyua, wenye bamba moja pana na mkono wa kuzungusha katikati. Mkono ule huvuta vyuma viwili vinavyoingia kwenye fremu kulia na kushoto. Kitasa kidogo kilichomo katika mkono huo kinatosha kuzuia mlango usifunguliwe na upepo au mtoto. Hakitoshi kumzuia mtu aliyekusudia kuingia. Kiongezewe makomeo mawili ya pembeni kwa ndani.

Hatua ya pili: kuchagua aina ya kifungio

Vifungio vinavyotumika zaidi ni vitatu: kufuli, kitasa na komeo. Kila kimoja kina mahali pake.

Kufuli hupatikana kwa urahisi, hubadilishwa bila fundi na hufaa kwa geti la chuma, mnyororo na shata. Kasoro yake ni kwamba huning'inia nje mahali ambapo kila mpita njia huliona na kulifikia.

Kitasa cha kuzama hufichwa ndani ya unene wa mlango, hivyo hakuna chuma kinachobaki nje cha kukatwa. Hata hivyo, fundi hulazimika kuuchimba mlango ili kukizamisha. Mlango mwembamba ukichimbwa hubaki ganda, na teke moja huweza kuupasua pale palipochimbwa. Kitasa hiki kinafaa kwa mlango mnene wa mbao ngumu peke yake. Mnunuzi aulize pia idadi ya vibamba vilivyomo ndani vinavyosukumwa na ufunguo. Kitasa cha vibamba vitatu kimekusudiwa milango ya vyumba vya ndani. Mlango wa nje unahitaji cha vibamba vitano.

Komeo la ndani ndilo husahauliwa zaidi, ingawa mara nyingi ndilo bora. Ikiwa banda limeungana na nyumba na kuna mlango mdogo wa kupitia ndani, mlango mkubwa unaweza kufungwa kwa makomeo ya ndani pekee, kisha mwenye nyumba akatoka kupitia sebuleni. Kifungio kisicho na tundu la ufunguo kwa nje hakichokonolewi, hakikatwi wala hakifunguliwi kwa ufunguo wa bandia. Bei yake ni ndogo, na fundi wa kuchomelea hulitengeneza kwa kipande cha nondo na bomba.

Makufuli ya namba huvutia kwa sababu hayana ufunguo wa kupotea. Yale ya bei nafuu yanafaa kwa sanduku la mwanafunzi au kabati. Hayafai kulinda mlango wa nje usiku kucha, kwa kuwa vumbi huziba magurudumu yake ya namba, na namba zenyewe hujulikana na kila aliyewahi kusimama karibu wakati zikizungushwa.

Hatua ya tatu: kulipima kufuli dukani

Ukubwa na uzito pekee havimweleze mnunuzi ubora wa kufuli. Yapo mambo sita ya kutazama kabla ya kulipa.

Moja ni unene wa upinde, yaani kile chuma kilichopinda kinachopita kwenye pete. Upinde wa milimita 5 au 6 hukatwa kwa mkasi wa nondo unaobebeka kwa mkono mmoja. Kwa mlango wa banda, upinde wa milimita 10 au zaidi unafaa. Mnunuzi ahakikishe kwamba tundu la pete ya mlango wake linaupokea. Vinginevyo pete ibadilishwe. Asirudi kwenye kufuli jembamba kwa sababu tu ndilo linaloingia.

Mbili ni nafasi iliyobaki kati ya upinde na mwili wa kufuli. Upinde mrefu huacha uwazi wa kupenyeza mtaimbo na kulivunja kufuli kwa kulizungusha. Upinde mfupi unaojaza pete hauachi nafasi hiyo. Yapo makufuli yenye mabega ya chuma yanayoukumbatia upinde pande zote mbili. Hayo ni bora zaidi kwa mlango unaoelekea barabarani.

Tatu ni ugumu wa chuma. Upinde ulioimarishwa kwa moto haukwaruziki kwa pembe ya tupa. Wa chuma cha kawaida huacha alama papo hapo. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatakataa mteja aguse upinde kidogo kwa tupa. Maandishi yaliyogongwa kwenye upinde si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa nayo huigwa.

Nne ni namna upinde unavyoshikwa ndani. Kufuli lifunguliwe na upinde utazamwe. Ukiwa na pengo upande mmoja tu, unashikwa upande mmoja. Ukiwa na mapengo pande zote mbili, unashikwa pande mbili, na hata ukikatwa upande mmoja, wa pili hubaki umeshika.

Tano ni ufunguo. Makufuli mengi imara hayaruhusu ufunguo kuchomolewa hadi kufuli lifungwe. Hilo humkumbusha mwenye nyumba kufunga. Mnunuzi pia ajaribu funguo zote zilizomo kwenye pakiti, na ajaribu ufunguo wa kufuli lake katika kufuli jingine la aina ileile lililoko dukani. Makufuli duni hutengenezwa kwa michongo michache ya funguo, kiasi kwamba ufunguo wa jirani huweza kulifungua la mwenzake.

Sita ni hali ya hewa. Katika maeneo yaliyo karibu na bahari, upepo wenye chumvi hula chuma haraka. Huko kufuli la mwili wa shaba hudumu kuliko la chuma kilichopakwa rangi. Upinde wa chuma kisichoshika kutu hustahimili chumvi lakini ni laini kuliko ule ulioimarishwa kwa moto. Kwa hiyo, anayeishi karibu na bahari atafute mwili wa shaba wenye upinde ulioimarishwa na kupakwa kromu, kisha aukinge na mvua kwa kipande cha mpira wa tairi kilichofungwa juu yake.

Makufuli mengine huwa na alama za madaraja kwenye pakiti. Kiwango cha Ulaya kijulikanacho kama EN 12320 huyapanga makufuli katika madaraja 6, la 1 likiwa la chini na la 6 la juu. Baadhi ya watengenezaji hutumia ngazi zao wenyewe, kwa mfano ya 1 hadi 10 au zaidi, hivyo namba ya mtengenezaji mmoja isilinganishwe na ya mwingine. Katika kila ununuzi, mkazi adai risiti. Risiti ndiyo humwezesha kurudisha kufuli bovu, na ndiyo hutumika kuthibitisha umiliki wa mali nyingine zilizomo bandani.

Hatua ya nne: bamba, pete na bawaba

Hapa ndipo kikundi cha vijana katika mfano wetu kilipopotezea pikipiki. Bamba la mlango wa mbao lisishikwe kwa skrubu fupi. Lishikwe kwa boliti zenye kichwa cha mviringo upande wa nje, zipite mlango mzima, na nati zikazwe kwa ndani juu ya washa pana au kipande cha bamba la chuma. Kichwa cha mviringo hakina mahali pa kushikwa na spana. Aidha, bamba lichaguliwe lile ambalo likifungwa hufunika vichwa vyote vya boliti zake.

Kwenye geti la chuma, bamba na pete vichomelewe kuzunguka pande zote. Matone mawili matatu ya kuchomelea hubanduka kwa pigo moja la nyundo. Mwenye nyumba awepo wakati kazi hiyo ikifanyika na aikague kabla rangi haijapakwa, kwa kuwa rangi huficha kazi mbaya.

Bawaba nazo ni mlango wa pili. Bawaba zikiwa upande wa nje na pini zake zikichomoka, mlango hufunguliwa kwa upande usio na kufuli. Pini za namna hiyo zichomelewe ncha zake. Geti zito linaloning'inia kwenye bawaba za kunyanyua liwekewe kizuizi cha chuma juu ya bawaba, ili lisiweze kunyanyuliwa na kutolewa mahali pake. Kwa mlango wa mbao, fremu nayo ikaguliwe. Fremu iliyoliwa na mchwa au iliyoshikwa ukutani kwa misumari miwili haiwezi kushikilia kifungio chochote, hata kiwe cha bei gani.

Ndani ya banda, pikipiki isiachwe ikitegemea mlango pekee. Pete nene ya chuma izamishwe katika zege la sakafu au ukuta, kisha mnyororo upitishwe kwenye fremu ya pikipiki. Mnyororo uliopita kwenye gurudumu tu huacha nafasi ya gurudumu kufunguliwa na pikipiki iliyobaki kubebwa.

Hatua ya tano: funguo

Kufuli bora huwa bure pale ufunguo unapotundikwa kwenye msumari wa barazani, au unapofichwa chini ya chungu cha maua ambacho kila mgeni hukifikiria kwanza. Mwenye nyumba aandike idadi ya funguo zilizopo na jina la kila anayeshika mmoja. Ufunguo wa akiba ukae kwa mtu anayeaminika, mbali na nyumba. Mpangaji anapohama, msaidizi wa kazi anapoondoka, au fundi anapomaliza ujenzi, kufuli libadilishwe. Kufanya hivyo si kumtuhumu mtu. Ufunguo huchongwa kwa dakika chache, na anayeurudisha anaweza asijue kwamba mwingine aliunakili. Ufunguo uliopotea pamoja na kitambulisho au kadi inayoonyesha mahali mtu anapoishi uhesabiwe kuwa umeshafika mikononi mwa mgeni, na kufuli libadilishwe siku hiyohiyo.

Usalama wa watu hutangulia usalama wa mali

Yapo makosa ambayo hulinda pikipiki na kuhatarisha uhai. La kwanza ni kumfungia mtu bandani kwa kufuli la nje. Baadhi ya kaya humlaza kijana au mlinzi pamoja na chombo, kisha mlango hufungwa kwa nje ili naye asitoke au asisumbuliwe. Moto ukizuka, mtu huyo hana njia. Petroli iliyomo ndani ya tangi la pikipiki hutoa mvuke unaoshika moto kwa cheche ndogo. Hakuna mali inayostahili kulindwa kwa njia hiyo. Mtu akilala ndani ya jengo lolote, mlango ufunguliwe kwa ndani bila kutafuta ufunguo gizani.

La pili ni mlango kati ya banda na nyumba. Mlango huo uwe imara kama mlango mkuu, kwa kuwa mwizi aliyekwisha kuingia bandani hufanya kazi yake bila kuonekana. Hata hivyo, upande wa familia uwe na komeo linalofunguka kwa mkono, hata na mtoto mkubwa au mzee. Madumu ya petroli yasihifadhiwe bandani, na jiko la mkaa lisiwashwe humo.

La tatu ni kuwasha injini ya gari, pikipiki au jenereta huku mlango ukiwa umefungwa. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua. Banda linalofungwa vizuri liachiwe matundu ya hewa ya juu, yaliyozibwa kwa nondo au tofali za matundu.

Utunzaji

Kufuli linalogoma kufunguka asubuhi huishia kuachwa wazi usiku. Mafuta ya kupikia yasitumike kulilainisha, kwani huganda na kukusanya vumbi. Njia rahisi ni kusugua ufunguo kwa risasi ya penseli, kuuingiza na kuuzungusha mara kadhaa. Unga wa grafiti ulio katika risasi hiyo hulainisha bila kunasa vumbi. Mara moja kwa mwezi mwenye nyumba akaze nati za bamba, ajaribu makomeo na atazame kama kuna alama za mtaimbo kwenye fremu. Alama mpya ni ujumbe kwamba mtu amekwisha kujaribu, na yafaa itolewe taarifa kabla hajarudi.

Fedha ikiwa ndogo, ianzie wapi?

Si kila kaya inaweza kufanya yote kwa mara moja. Utaratibu ufuatao huipa shilingi ya kwanza kazi kubwa zaidi. Kwanza, skrubu za bamba zibadilishwe kuwa boliti. Pili, makomeo ya ndani yawekwe au yarekebishwe. Tatu, bawaba na fremu ziimarishwe. Nne, pete izamishwe sakafuni na mnyororo ununuliwe. Tano, kufuli bora linunuliwe. Sita, taa ya sola inayowaka mtu anapokaribia ifungwe juu ya mlango. Wengi huanzia hatua ya tano kwa sababu kufuli huonekana na hununuliwa kwa siku moja. Anayeanzia hapo hununua kufuli la kulinda skrubu nne.

Endapo banda limevunjwa

Mkazi asiingie wala asiguse chochote, kwani alama zilizoachwa huweza kusaidia upelelezi. Apige namba ya dharura ya Polisi 112, na kama kuna moto, namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kisha amjulishe mwenyekiti wa mtaa au kitongoji na Polisi Kata. Vikundi vya ulinzi shirikishi navyo hufanya kazi vizuri zaidi vinapopata taarifa mapema. Kikundi chenye mkopo kimjulishe pia Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata bila kuchelewa. Kikundi kinachonyamaza hadi marejesho yanaposimama hujiweka katika nafasi ngumu kuliko kinachojieleza siku ya kwanza kikiwa na taarifa ya polisi mkononi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye chombo aandike leo namba ya injini na namba ya fremu ya pikipiki yake, namba za mashine zake, na apige picha. Nakala zisikae bandani.

Maswali ya kujipima

1. Je, bamba la mlango wa banda lako limeshikwa kwa skrubu au kwa boliti zinazopita mlango mzima?
2. Je, mlango unaweza kutolewa kwa upande wa bawaba bila kugusa kufuli?
3. Je, unajua idadi ya funguo zilizopo na kila aliye na mmoja?
4. Je, mtu aliyelala ndani anaweza kutoka gizani bila ufunguo?
5. Je, namba ya injini na ya fremu ya pikipiki yako zimeandikwa mahali pengine mbali na banda?

Mkazi aliyejibu "hapana" au "sijui" katika swali lolote, isipokuwa la pili ambalo jibu jema ni "hapana", amekwisha kupata kazi ya kufanya kabla jua la leo halijazama. Nyingi ya kazi hizo hazihitaji zaidi ya spana, boliti chache na saa moja ya fundi.